Mabingwa wa Wilberforce, 1946

Wasemaji wa Kiswahili wanaoishi Okolona na vitongoji vingine vya kusini mwa Louisville, wawe Wakongo wa Kivu, Warundi, Wasomali au Wakenya, wanaifahamu njia ya Columbus kama wanavyoifahamu njia ya sokoni. Ndiyo njia ya arusi na matanga, na anayeendelea mbele zaidi huweza kufika hadi kwa jamaa walioko Buffalo. Msafiri huvuka mto Ohio pale Cincinnati, kisha hukata mbuga za mahindi kuelekea kaskazini-mashariki. Kabla hajafika Columbus, upande wake wa kushoto, upo mji wa Xenia, na kilomita chache kutoka hapo kijiji cha Wilberforce, chenye vyuo vikuu viwili vilivyoanzishwa kwa ajili ya watu weusi. Ni nadra gari la arusi kukata kona kuelekea huko. Nia ya insha hii ni kumshawishi msomaji kwamba ingefaa kukata kona, kwa kuwa katika kiangazi cha 1946 palichezwa mahali hapo fainali ya tenisi ambayo bingwa wake amesahaulika, ilhali aliyeshindwa amechorwa kwenye sarafu.

Jina lenyewe la mahali lina historia. Chuo cha Wilberforce kilianzishwa mwaka 1856 na kupewa jina la William Wilberforce, mbunge wa Uingereza aliyepigania kukomeshwa kwa biashara ya watumwa. Wakati huo mto Ohio ulikuwa mpaka. Kusini yake, katika Kentucky, mtu mweusi aliweza kuuzwa na kurithishwa kama shamba. Kaskazini yake alikuwa mtu huru, angalau kwa maandishi. Afrika nayo imepita hapo. Charlotte Manye wa Afrika Kusini, ambaye baadaye alijulikana kwa jina la Maxeke, alipata shahada yake Wilberforce mwanzoni mwa karne ya 20. Katika miaka ya 1920 kijana mmoja wa Nyasaland alisoma sekondari katika shule iliyokuwa chini ya chuo hichohicho. Naye ni Hastings Kamuzu Banda, rais wa kwanza wa Malawi.

Kilichoipeleka tenisi Wilberforce ni ubaguzi. Chama kilichoutawala mchezo huo nchini, United States Lawn Tennis Association, hakikuwafungulia wachezaji weusi milango ya mashindano yake. Mnamo Novemba 1916 vilabu vya watu weusi vilikutana Washington vikaunda chama chao, American Tennis Association, ambacho hapa nitakiita ATA kama walivyokiita wenyewe. Agosti ya mwaka uliofuata mashindano ya kwanza ya taifa yalifanyika katika bustani ya Druid Hill mjini Baltimore. Bingwa wa kwanza wa wanawake alikuwa Lucy Diggs Slowe, mwalimu ambaye miaka michache baadaye aliteuliwa kuwa mlezi mkuu wa wanafunzi wa kike katika Chuo Kikuu cha Howard.

Mashindano hayo yalikuwa yakihama mwaka hadi mwaka, na mara nyingi yaliangukia katika vyuo vya watu weusi. Hoteli nyingi hazikuwapokea wageni wa aina yao, lakini chuo wakati wa likizo kina mabweni matupu, jiko, ukumbi wa dansi na viwanja. Familia za madaktari, walimu na wachungaji zilisafiri siku mbili tatu kwa gari ili kuhudhuria wiki hiyo moja. Mchana ni mechi, usiku ni dansi na maonyesho ya mavazi. Wenye binti wa kuoza walikuja, na wenye kutafuta mchumba pia.

Louisville inaeleza vizuri kwa nini wiki hiyo ilithaminiwa kiasi hicho. Mwaka 1924 bodi ya bustani za mji iliamua kuwatenga watu weusi, na Chickasaw, bustani iliyo kando ya mto upande wa magharibi, ikawa ndiyo bustani kubwa waliyoachiwa. Humo mlikuwa na viwanja vya tenisi vya udongo, na hapo ndipo mchezo ulipofundishwa kizazi baada ya kizazi. Utengano huo haukuondolewa hadi 1955. Ni kusema kwamba Mluisville mweusi aliyependa tenisi katika mwaka 1946 aliruhusiwa kucheza katika bustani moja ya mji wake, na katika mashindano moja ya taifa lake.

Hapa msomaji wa pwani atakuwa ameanza kusikia mlio wa ngoma anayoijua. Mombasa ya miaka ya 1930 na 1940 ilikuwa na vyama vya wanawake vya lelemama. Ibinaal Watan na Banu Saada ndivyo vilivyovuma zaidi. Vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi, kwa karamu na kwa maneno makali. Vilikuwa na vyeo vyake, mashabiki wake na waamuzi wake, yaani mji mzima. Hakuna aliyewahi kuuliza kama ushindi wa lelemama ulikuwa umetambuliwa na klabu ya Wazungu. Ushindi ulikuwa ushindi kwa sababu walioujua mchezo waliushuhudia. Napenda tuitazame ATA kwa jicho hilohilo. Kitabu cha tenisi kinachoandika kwamba ubingwa mkubwa ulichezwa Forest Hills, New York, na kwamba huko kwingine walikuwa wakijifurahisha tu, kimeazima mizani ya mwenye lango. Mashindano yaliyowakusanya wachezaji bora wa jamii ya mamilioni ya watu, kila mwaka, kwa ushindani usio na huruma, ni mashindano makubwa.

Na kama ni makubwa, basi orodha ya mabingwa wake inastahili kusomwa kwa heshima. Ora Washington wa Philadelphia alitwaa taji la wanawake la mmoja mmoja mara 8, kati ya 1929 na 1937. Taji la wawili wawili alilishika miaka 12 mfululizo, kuanzia 1925 hadi 1936. Alicheza pia mpira wa kikapu, na huko nako hakuwa na mpinzani. Riziki yake aliipata kwa kufanya kazi katika nyumba za watu. Helen Wills, malkia wa tenisi ya wazungu katika zama hizo, hakuwahi kusimama ng'ambo ya wavu wake.

Waliofuata baada yake walikuwa ndugu wawili wa tumbo moja, Margaret na Roumania Peters. Walizaliwa Washington, Margaret mwaka 1915 na Roumania mwaka 1917, wakakulia mtaa wa Georgetown, ambao siku hizo ulikuwa na familia nyingi nyeusi. Walijifunza mchezo katika bustani ya Rose Park jirani na kwao, kwenye uwanja wenye mchanga na kokoto, na nadhani uwanja wa namna hiyo ulisaidia kuwafundisha kuutazama mpira hadi dakika ya mwisho. Mpira uliodundia kokoto hauna adabu. Cleve Abbott, kocha mashuhuri wa Tuskegee, Alabama, aliwaona, akawapa nafasi ya kusoma bila ada. Walihitimu mwaka 1941 katika elimu ya viungo.

Mashabiki waliwaita Pete na Repeat. La kwanza ni kifupisho cha jina lao la ukoo, na la pili maana yake ni kurudia. Kwa kweli walirudia. Walishinda taji la ATA la wawili wawili kila mwaka kuanzia 1938 hadi 1941, kisha kila mwaka kuanzia 1944 hadi 1953. Jumla ni mataji 14. Silaha yao haikuwa nguvu, bali mpira wa kukata, ule unaofika chini na kuteleza pembeni badala ya kupanda, ukimwacha mpinzani amekunja mgongo. Wakati wa vita, Gene Kelly, mcheza dansi wa sinema aliyekuwa akitumikia jeshi la majini, alikwenda Georgetown kucheza nao. Hapakuwa na fedha za ushindi. Kulikuwa na vikombe, picha gazetini, na nauli iliyotoka mfukoni mwa mchezaji.

Tenisi ya wawili wawili ni mchezo usiotendewa haki na waandishi wa historia. Historia hupenda mtu mmoja, na mshairi wa sifa hupata shida kumsifu mtu ambaye ushindi wake ni nusu ya mwingine. Lakini wanaoujua mchezo wanajua kwamba unadai akili ya namna yake. Mmoja anapovutwa nje ya uwanja, mwenzake lazima awe ameshaanza kusogea kuziba pengo kabla hajaitwa. Watu wawili waliolala chumba kimoja tangu utoto wanafahamiana bila kuitana. Kwa miaka 14 ya ubingwa huo, aliyetaka kuwashinda akina Peters alipaswa kwanza kutenganisha vitu ambavyo mama yao hakuvitenganisha.

Sasa tufike Wilberforce. Mwaka 1946 Roumania alikuwa anakaribia umri wa miaka 30, mwalimu wa Tuskegee, bingwa wa mmoja mmoja wa 1944. Katika fainali alikutana na msichana wa miaka 18 au 19 kutoka Harlem, mrefu, mwenye mkono mzito, aliyekuwa ametwaa ubingwa wa wasichana wa ATA miaka miwili mfululizo na sasa alicheza kwa mara ya kwanza miongoni mwa wanawake. Jina lake lilikuwa Althea Gibson. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1958, Gibson anakiri kwamba alijiamini kupita kiasi. Anaeleza jinsi Roumania alivyokuwa akijikokota kati ya pointi na pointi kama mtu aliyekwisha nguvu, kisha mpira ukianza anakuwa mtu mwingine. Msichana aliingia mtegoni. Roumania alishinda, na pamoja na dada yake akashinda taji la wawili wawili pia. Aliondoka Wilberforce na mataji yote mawili ya wanawake.

Kwenye viti vya watazamaji walikuwapo madaktari wawili, Hubert Eaton wa Wilmington, North Carolina, na Robert Walter Johnson wa Lynchburg, Virginia. Wote wawili walikuwa na viwanja vya tenisi nyumbani kwao, na wote wawili walikuwa wakitafuta mchezaji mweusi atakayelivunja lango la Forest Hills. Fainali ilipokwisha hawakumwendea bingwa. Walimwendea aliyeshindwa, wakamuuliza kama angependa kusoma chuo. Alikuwa ameacha shule. Wakakubaliana: wakati wa masomo angekaa kwa Eaton, na kiangazi angekaa kwa Johnson. Septemba ya mwaka huohuo Althea alihamia Wilmington na kurudi darasani na watoto waliomzidi udogo.

Uamuzi huo umesimuliwa mara nyingi kama kisa cha jicho la busara lililoona almasi katika vumbi, na sipingi kwamba walikuwa na jicho. Lakini tuuseme kwa jina lake. Madaktari hawakuwa wakitafuta aliye bora siku ile. Walikuwa wakitafuta atakayekuwa na umri wa kutosha na nguvu za kutosha siku wazungu watakapoamua kufungua mlango, na hakuna aliyejua siku hiyo ingekuja lini. Roumania alikuwa na mbinu zote, lakini kalenda ilikuwa imemsaliti. Kama lango lingefunguliwa mwaka 1941, alipohitimu akiwa na miaka 24, pengine leo tungekuwa tunaandika insha nyingine kabisa. Kwa lengo lao, walichagua sawasawa. Uchungu uko katika lengo lenyewe, maana liliigeuza fainali ya taifa kuwa mnada wa kuchagua nani atumwe kwenye mashindano ya watu wengine, na bingwa akawa kipimo cha kumpimia mshindwa. Inasikitisha zaidi kwamba sisi tuliokuja baadaye tumeendelea kuitazama fainali ile kwa macho ya madaktari wale, hata tumesahau kumuuliza jina aliyeshinda.

Mengine yanajulikana. Kuanzia 1947 Gibson alitwaa taji la ATA la mmoja mmoja mara 10 mfululizo. Mnamo Julai 1950 Alice Marble, bingwa mstaafu mzungu, aliandika katika jarida la tenisi akiwashutumu wenzake kwa unafiki, na mwezi uliofuata Gibson akawa mchezaji mweusi wa kwanza kuingia Forest Hills. Katika raundi ya pili alikuwa anamwongoza Louise Brough, bingwa wa Wimbledon, pale radi ilipoangusha sanamu ya tai kutoka juu ya ukuta wa uwanja. Mechi ikaahirishwa hadi kesho yake, na Brough akashinda. Miaka saba baadaye Gibson alipokea sahani ya Wimbledon mkononi mwa Malkia Elizabeth, akairudia 1958, na miaka yote miwili akalitwaa taji la Marekani pia.

Jambo lisilosemwa mara nyingi ni hili: kuanzia 1947 hadi 1953, wakati Gibson alipokuwa akimshinda kila mtu peke yake, taji la wawili wawili la ATA halikutoka kwa akina Peters hata mwaka mmoja. Kwa miaka saba tenisi ya wanawake weusi ilikuwa na enzi mbili ndani ya ua mmoja. Na Gibson mwenyewe alipopata taji lake la kwanza la Wimbledon, mwaka 1956, hakulipata peke yake. Alilipata katika wawili wawili, akiwa na Angela Buxton, Mwingereza wa Kiyahudi ambaye naye alijua maana ya kunyimwa nafasi katika vilabu. Katika miaka ya 1990, bingwa huyo alipokuwa mgonjwa na fukara huko New Jersey, alimpigia simu Buxton, na aliyewachangisha wapenzi wa tenisi duniani ili kumwokoa ni Buxton huyohuyo. Kwa hiyo hata katika maisha ya nyota iliyong'aa peke yake, tunakuta mwenza akisogea kuziba pengo.

Roumania na Margaret waliendelea kufundisha. Walipata shahada za uzamili Chuo Kikuu cha New York, wakarudi Washington. Margaret alifundisha watoto wenye mahitaji maalumu. Roumania alifariki mwaka 2003, mwaka uleule aliofariki Gibson, na Margaret akafuata mwaka 2004. Mwaka 2015 viwanja vya Rose Park vilipewa majina yao. Gibson ana sanamu katika uwanja mkuu wa tenisi wa New York tangu 2019, na mwaka 2025 sura yake ilipigwa kwenye sarafu ya senti 25, ile ambayo wengi wetu tunaitumbukiza katika mashine ya kufulia nguo bila kuitazama. Anayekwenda Wilberforce kutafuta alama za 1946 atapata tabu, kwa sababu kimbunga kilichoipiga Xenia tarehe 3 Aprili 1974 kilifika huko pia na kuangusha majengo mengi. Atakuta makumbusho ya taifa ya historia ya Wamarekani weusi, yaliyofunguliwa 1988.

Afrika Mashariki haiwezi kuisoma habari hii kama kisa cha ugenini. Nairobi ya 1946 ilikuwa na klabu za Wazungu, klabu za Wagoa na klabu za Waismailia, na Mwafrika aliingia humo kuokota mipira na kumwagilia nyasi. Hatukuwa na ATA ya kwetu. Ndiyo maana ilitubidi kungoja hadi Julai 2022, Angella Okutoyi, binti wa Nairobi aliyelelewa na bibi yake, alipokuwa Mkenya wa kwanza kutwaa taji katika mojawapo ya mashindano makuu manne, ubingwa wa wasichana wa Wimbledon. Lilikuwa taji la wawili wawili. Mwenzake alikuwa Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, ambaye jina lake magazeti yetu yalilitaja kwa haraka. Ng'ambo ya wavu walikuwapo Wakanada wawili, Kayla Cross na Victoria Mboko. Mboko alikuwa na miaka 15, mtoto wa wazazi waliotoka Kinshasa, mzaliwa wa North Carolina. Wakanada walichukua seti ya kwanza, wakapoteza ya pili, na ya tatu ikaamuliwa kwa pointi 11 kwa 9.

Agosti 2025, Mboko, akiwa amealikwa bila kufuzu, alimshinda Naomi Osaka mjini Montreal na kuwa bingwa wa Kanada wa mmoja mmoja. Picha zake zilienea usiku ule katika simu za Wakongo kutoka Kinshasa hadi Kentucky. Okutoyi, kwa upande wake, alikuwa ametwaa dhahabu ya mmoja mmoja ya Michezo ya Afrika mjini Accra mnamo Machi 2024. Wakati huo alikuwa mwanafunzi na mchezaji wa Chuo Kikuu cha Auburn, Alabama, chuo ambacho hakikumpokea mwanafunzi mweusi hata mmoja hadi 1964. Kutoka Auburn hadi Tuskegee, walikosoma Margaret na Roumania, ni takriban kilomita 30.